Chikanda: kwa nini okidi za mlimani hazipandwi kama viazi

Wasikilizaji wetu wa Makete, Rungwe na Mbeya wamekuwa wakituuliza swali moja mara kwa mara: kama viazi vya chikanda vinatafutwa hivi na wanunuzi, kwa nini tusivipande shambani kama viazi mviringo? Wengine wanauliza kama maabara haiwezi kutuzalishia miche yake, kama inavyofanya kwa migomba.

Jibu kwa kifupi ni hili. Mkulima hawezi kuvipanda kama viazi. Maabara inaweza kuotesha mbegu zake, lakini kazi hiyo ni ya miaka na ina gharama. Kwa hiyo ghala la mbegu tunalolitegemea ni lile lililoko mlimani, na likiisha hakuna duka la pembejeo litakalotuuzia nyingine.

Katika makala haya tunaeleza sababu zake, moja baada ya nyingine. Msomaji akifika mwisho ataelewa pia afanye nini kama maua haya yanaota kwenye eneo lake.

Chikanda ni nini hasa?

Chikanda ni chakula cha Zambia. Huandaliwa kwa viazi vya okidi za porini vilivyokaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, kisha vikapikwa hadi vishikane. Kikipoa hukatwa vipande kama keki au soseji nene. Kinacholifanya donge lishikane ni aina ya wanga ulio ndani ya viazi hivyo, ambao hunata ukikutana na maji.

Zamani kilikuwa chakula cha vijijini kaskazini mwa Zambia. Baadaye kikaingia mijini, kikauzwa sokoni na mitaani, na mahitaji yakapanda. Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi walivuka mipaka kuzitafuta kwa majirani. Kwetu walifika Nyanda za Juu Kusini, na mzigo mwingi ukawa unapita Tunduma.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka nyanda hizo kwenda Zambia kila mwaka. Hesabu hiyo ni ya viazi, si kilo. Na kama tutakavyoona, kila kiazi kinachong'olewa ni mmea mmoja.

Okidi zinazochimbwa ni za aina nyingi. Wataalamu wa mimea huziweka katika makundi yanayoitwa Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis. Nyingi huota kwenye nyasi za milimani, mahali penye baridi na unyevu, na huchanua wakati wa mvua.

Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ni moja ya sehemu zinazojulikana zaidi kwa maua haya. Uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Mwaka 2005 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Zimeorodheshwa humo aina 350 hivi za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini.

Kiazi kimoja kwa kiazi kimoja

Mkulima wa viazi mviringo akifukia kiazi kimoja, hutarajia kuvuna vinane, kumi au zaidi. Okidi haifanyi hivyo.

Ukichimba okidi iliyochanua, mara nyingi utakuta viazi viwili chini yake. Kimoja ni cha zamani, laini na chenye mikunjo. Hicho ndicho kilichotoa shina, majani na ua la mwaka huu, na sasa kinaisha. Cha pili ni kipya, kigumu na kimejaa. Hicho ni akiba ya mwaka ujao. Mvua zikiisha, shina hukauka na kiazi cha zamani huoza. Kipya hulala ardhini kiangazi chote, kikavumilia baridi na hata moto wa nyasi unaopita juu, kisha huchipua mvua zinaporudi.

Kwa kawaida, basi, kiazi kimoja huacha kiazi kimoja. Mara chache huacha viwili. Mmea unajirithi tu. Ili okidi ziongezeke kilimani, zinategemea mbegu.

Sasa tazama anachofanya mchimbaji. Anaitambua okidi kwa ua lake, kwa hiyo anachimba ikiwa imechanua, kabla mbegu hazijakomaa. Anachukua kiazi kipya kwa sababu ndicho kigumu kinachotakiwa na mnunuzi, na kile cha zamani anakitupa. Kwa jembe moja ameondoa mmea wa mwaka ujao na mbegu za mwaka huu. Kurudishia udongo na kufukia kile kiazi cha zamani hakusaidii, kwa sababu nguvu zake zimekwisha.

Mbegu ndogo kuliko vumbi

Wasikilizaji kadhaa wamependekeza njia nyingine: tukusanye mbegu, tuzisie kwenye kitalu kama tunavyosia kabichi.

Mbegu zipo, tena nyingi ajabu. Kifuko kimoja cha mbegu cha okidi kinaweza kuwa na maelfu kwa maelfu, na kwa aina fulani hufikia milioni. Kikipasuka, kinachotoka kinafanana na unga au vumbi, na upepo hukibeba mbali.

Tatizo ni kwamba mbegu hizo hazina chakula. Punje ya hindi ina wanga mwingi wa kumlisha mche mpaka utoe majani. Haragwe nalo lina akiba yake. Mbegu ya okidi ina kiinitete kidogo sana na ganda jembamba, basi. Ikianguka peke yake kwenye udongo mzuri wenye mbolea, inakufa.

Inayopona ni ile inayokutana na kuvu wa aina inayofaa. Kuvu hawa ni nyuzi nyembamba zinazoishi udongoni na kwenye majani yanayooza, na ni ndugu wa mbali wa uyoga tunaookota. Nyuzi hizo huingia ndani ya mbegu na kuilisha sukari na madini. Mbegu huvimba na kuwa kibonge kidogo kisicho na jani wala mzizi. Kibonge hicho huweza kuishi chini ya ardhi kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kabla ya jani la kwanza kuonekana.

Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeigundua siri hii mwaka 1899, baada ya kukuta miche ya okidi ya porini ikiwa imejaa nyuzi za kuvu. Kabla ya hapo watu wa bustani za Ulaya walishangaa kwa miaka mingi: mbegu wanazo, udongo wanao, joto lipo, na hakuna kinachoota.

Hii ndiyo sababu okidi hazirudi haraka kwenye kilima kilicholimwa. Jembe la trekta halikati viazi tu. Linavuruga pia udongo ambamo kuvu hao wanaishi.

Mbona vanila inapandwa?

Msikilizaji wa Kagera anaweza kutupinga hapa. Vanila nayo ni okidi, na kule Bukoba watu wanailima!

Ni kweli. Lakini vanila ni mmea unaotambaa. Unakata kipande cha mrabaa, unakifukia chini ya mti wa kivuli, nacho kinatoa mizizi. Mkulima wa vanila hapandi mbegu kabisa. Okidi za chikanda hazina mrabaa wa kukata. Zina shina moja la msimu na kiazi kimoja cha akiba.

Kuna jambo moja hata hivyo ambalo vanila inatufundisha. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa aliyeitwa Edmond Albius alionyesha namna ya kuchavusha ua la vanila kwa mkono akitumia kijiti chembamba. Njia hiyo inatumika hadi leo. Okidi za mlimani nazo zinaweza kuchavushwa kwa kijiti, na wanaozalisha mbegu kwa ajili ya maabara hufanya hivyo ili wasitegemee nondo na ndege peke yao.

Maabara inafanyaje kazi?

Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alichapisha matokeo yaliyobadilisha kilimo cha okidi duniani. Aliotesha mbegu ndani ya chupa bila kuvu yeyote, kwa kuziwekea sukari na madini moja kwa moja. Njia za leo zimejengwa juu ya kazi hiyo. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, kifuko cha mbegu huchumwa kikiwa kimekomaa lakini hakijapasuka. Kifuko kizima husafishwa kwa dawa ya klorini, kama jiki, ili kuua vijidudu vya nje. Mbegu zilizo ndani huwa bado safi.

Pili, huandaliwa chakula. Ni maji yenye sukari na madini, yanayogandishwa kwa aga, unga unaotokana na mwani. Kinafanana na jeli. Chakula hiki hupikwa kwenye chombo cha mvuke wa presha, nyuzi joto 121 kwa dakika 15 hadi 20, kwa sababu ukungu wa kawaida ukiingia humo hukua haraka na kuzifunika mbegu.

Tatu, mbegu hunyunyizwa juu ya jeli ndani ya boksi maalumu lenye hewa iliyochujwa, kisha chupa hufungwa. Okidi nyingi za ardhini huwekwa gizani kwa wiki kadhaa au miezi, maana hata porini huanza maisha chini ya udongo.

Nne, vibonge vikijitokeza huhamishiwa chupa nyingine zenye chakula kipya na mwanga. Hapo hutoa majani, mizizi na baadaye kiazi kidogo.

Tano, miche hutolewa chupani na kuzoeshwa udongo na hewa ya nje. Hapa ndipo mingi hufa. Mche uliolelewa kwa sukari ndani ya chupa haujawahi kukutana na upepo, jua wala ugonjwa.

Ipo pia njia ya pili, ambayo kuvu hutolewa kwenye mizizi ya okidi ya porini na kukuzwa pamoja na mbegu kwenye jeli ya unga wa oti. Kuvu hula oti, na mbegu hulishwa na kuvu. Miche ya namna hii hutoka chupani ikiwa na mwenza wake tayari, jambo linalofaa sana kama lengo ni kuirudisha mlimani.

Mbegu au tishu?

Wengi wetu tunaijua miche ya migomba ya tishu. Mtaalamu huchukua ncha changa ya chipukizi, huikata vipande na kuilea chupani, na mgomba mmoja hutoa mamia ya miche inayofanana.

Kwa okidi, Mfaransa Georges Morel alionyesha mwaka 1960 kwamba inawezekana. Kazi yake ndiyo iliyofanya okidi za maduka ya maua duniani ziwe za bei nafuu, kwa kuwa ua moja zuri liliweza kuzalishwa kwa maelfu.

Kwa okidi zetu za mlimani, mbegu ndizo bora, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mmea wenye shina moja na kiazi kimoja una ncha chache za kuchukua, na ukizichukua unaua mmea wenyewe. Kifuko cha mbegu unaweza kukichuma na mmea ukabaki mzima. Ya pili, miche ya tishu kutoka mmea mmoja ni sawa kama mapacha. Ugonjwa unaoua mmoja unaweza kuua yote. Miche ya mbegu inatofautiana, kama watoto wa familia moja, na kati yao watakuwemo wanaostahimili.

Kwa nini basi hatuna mashamba ya chikanda?

Hebu tupige hesabu pamoja. Mche wa maabara unahitaji miaka kadhaa, mara nyingi mitatu hadi mitano au zaidi, kabla haujafikia ukubwa wa kuchanua. Katika muda huo unahitaji chupa, umeme, fundi na kitalu cha baridi. Mwishoni mkulima anapata kiazi kimoja kidogo, ambacho mnunuzi anataka kukinunua kwa debe kwa bei ya kitu kilichochimbwa bure porini. Hakuna biashara inayosimama kwa hesabu hiyo.

Inapowezekana ni pale ambapo kinachouzwa ni ua. Mfano ni Disa uniflora, okidi nyekundu ya Mlima Table, Cape Town nchini Afrika Kusini. Mbegu zake huota kwa urahisi kuliko za ndugu zake, hata juu ya kuvumwani wenye unyevu bila maabara. Wapenda maua wameizalisha na kuichanganya na ndugu zake hadi kupata machotara ya rangi nyingi. Mmea mmoja ukiuzwa na chungu chake unalipa gharama ya miaka yake, na aliyeununua hana sababu ya kuuchimba mwingine mlimani.

Kwa hiyo maabara ina kazi tatu za kweli kwa okidi: kuhifadhi aina zinazokaribia kwisha, kurudisha miche kwenye maeneo yaliyoharibiwa, na kuzalisha maua ya kuuza. Kujaza magunia ya chikanda si mojawapo.

Maua ya mlimani ambayo mkulima anaweza kuyazalisha

Si maua yote ya mlimani yaliyo magumu hivi. Gladiola ni mfano mzuri. Gladiola nyingi za bustani duniani zina damu ya gladiola ya porini ya Afrika, Gladiolus dalenii, inayoota pia kwenye milima yetu. Mbegu yake ina chakula chake, husiwa kwenye kitalu cha kawaida, na huchanua baada ya miaka miwili au mitatu. Tunguu lake nalo huzaa vitunguu vidogo pembeni ambavyo vinaweza kutenganishwa na kupandwa.

Mayungiyungi ya bustanini nayo hukubali mbegu. Zaidi ya hapo, tunguu la yungiyungi lina magamba kama ya kitunguu. Ukiyabandua taratibu na kuyaweka kwenye mchanga wenye unyevunyevu, kila gamba laweza kutoa tunguu dogo chini yake.

Anayetaka kuanza biashara ya maua kwenye eneo la baridi aanze na haya, kwa mbegu au matunguu ya kununua, si ya kuchimba porini.

Tufanye nini?

Kama okidi zinaota kwenye eneo lako, acha kipande hicho bila kulimwa. Hata ukingo wa shamba, makaburini au mteremko usiofaa kwa viazi vinatosha kuhifadhi nyingi. Ng'ombe wasipitishwe hapo wakati wa maua hadi vifuko vya mbegu vipasuke. Dawa za ukungu unazopulizia viazi zisielekezwe huko, maana okidi inahitaji kuvu wake.

Usihamishe okidi kutoka mlimani kuipanda nyumbani. Inaweza kuchanua msimu mmoja kwa akiba ya kiazi chake, ukadhani umefaulu, kisha isirudi tena.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa hairuhusiwi kuchimba wala kuchuma mimea bila kibali. Nje ya hifadhi, okidi zote za porini ziko kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kuzivusha mpakani kunahitaji kibali. Anayekamatwa na mzigo njiani mara nyingi ni kijana aliyetumwa, si mnunuzi aliyemtuma.

Mtu akikuletea "mbegu ya chikanda" ya kupanda kama viazi, muulize maswali mawili: kiazi kimoja kitanipa vingapi, na baada ya muda gani? Ukishayasoma haya, utalipima mwenyewe jibu lake.

Tunajua kwamba anayechimba hafanyi hivyo kwa kuchukia maua. Anatafuta ada ya shule na chumvi ya nyumbani. Lakini kilima kilichochimbwa hadi kikaisha hakimlipi mtu yeyote msimu unaofuata, na Zambia imeshapita njia hiyo kabla yetu. Kikibaki na maua, kinaleta wageni na kinawalisha nyuki wa mizinga yetu.

Mwenye swali kuhusu makala haya atutumie ujumbe kama kawaida, ataje kijiji chake na aina ya ua analouliza, rangi yake na mwezi linapochanua. Tutayapeleka maswali kwa wataalamu wa mimea na kuyajibu hewani.